Sauti za kawaida zinamuumiza masikio, kutwa kavaa vizibo: aendelee au avue?

ShemejiFundi (Dar es Salaam)

Salaam wakuu. Naulizia kwa niaba ya shemeji yangu, wenye uelewa wa masikio naomba mnisaidie.

Umri ni miaka 34, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, grainda kila siku bila kinga yoyote ya masikio. Tatizo limejitokeza baada ya kukaa karibu na spika kubwa kwenye sherehe. Hali ilivyo sasa: kijiko kikigonga sahani anaruka, watoto wakicheza anatoka nje, bodaboda ikipita anasikia kitu kinachoma ndani ya sikio la kulia. Siku nyingine maumivu yanakuja baadaye, hata kesho yake. Sikio linajaa na kutetemeka, na usiku kuna mlio wa "ziii" usioisha.

Kipimo cha usikivu kinaonyesha kawaida, isipokuwa kimeshuka kidogo kwenye 4000 hadi 6000 Hz, yaani sauti nyembamba. Kiwambo cha sikio ni kizima, hakuna usaha. Alipewa matone ya antibiotiki na vitamini, hakuna kilichobadilika.

Kinga anayotumia ni vizibo vya sponji, anaviweka asubuhi anavitoa anapoamka kesho yake, yaani analala navyo. Mwanzoni vilimpa nafuu. Sasa akivitoa hata sauti ya bomba la maji ni kero.

Maswali: (1) vizibo aendelee au aache? (2) kuna tiba, au ndiyo maisha? (3) anaweza kurudi karakana?

---

SikioLaKusi

Mkuu, vizibo vya kutwa ndivyo vinavyomzamisha. Avivue, ila asivivue kwa siku moja.

Hali hiyo kitaalamu ni haiperakusisi, yaani usikivu mkali kupita kiasi. Sauti inaingia kama kawaida, kinachokosea ni jinsi njia za fahamu kutoka sikioni hadi ubongoni zinavyoikuza. Ubongo unafanya kazi ya amplifaya inayojirekebisha yenyewe: ukiletewa sauti kidogo, unapandisha volyumu ya ndani. Hilo bonde la 4000 hadi 6000 Hz ni alama ya kawaida ya madhara ya kelele, maana yake kuna taarifa ambazo ubongo haupati tena, nao umeongeza volyumu kufidia. Kisha yakaja vizibo, ukaongeza tena. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani, Formby na wenzake, walilipima jambo hili kwa watu wenye masikio mazima. Waliovaa vizibo karibu saa zote kwa wiki mbili waliishia kuona sauti zilezile ni kali zaidi. Waliovaa vifaa vidogo vinavyotoa mvumo mwepesi waliishia kuvumilia sauti kubwa kuliko mwanzo. Kama mtu mzima wa afya anabadilika kwa wiki mbili, fikiria aliyekuwa na tatizo tangu hapo.

Habari njema ni kwamba kilichopandishwa kinaweza kushushwa. Muda wake ni miezi, kwa wengi kati ya 6 na 18, na haushuki kwa mstari ulionyooka.

Kabla ya kuanza lolote, kuna mambo lazima daktari wa masikio, pua na koo ayaondoe, kwa sababu matibabu yake ni tofauti kabisa:

Upande mmoja wa uso ukilegea, mshipa wa fahamu unaoendesha msuli mdogo wa kupunguza sauti ndani ya sikio umeguswa. Sauti upande huo zitakuwa kali mpaka mshipa upone. Huyo anahitaji dawa mapema, asingoje.

Anayesikia macho yake yakigeuka au nyayo zake zikivuma kichwani, au anayepata kizunguzungu kwa sauti kubwa, huenda ana tundu kwenye mfupa unaofunika mfereji wa juu wa sikio la ndani. Tatizo hilo lilielezwa mara ya kwanza mwaka 1998, linaonekana kwa CT scan na lina upasuaji wake.

Kichwa kinachogonga upande mmoja, kichefuchefu, na mwanga nao unakera: hicho ni kipandauso. Tibu kipandauso kwanza, sauti zitafuata.

Ajali ya kichwa, hata ile ya kuanguka na pikipiki ikaonekana ndogo, iulizwe. Dawa pia ziulizwe: kwinini, sindano za gentamaisini au kanamaisini, aspirini kwa dozi kubwa. Na diazepam. Hiyo inauzwa madukani kirahisi kuliko inavyopaswa, inamtuliza mtu wiki chache, halafu akiiacha ghafla usikivu mkali unarudi maradufu. Aliyekwisha kuizoea asiikate mwenyewe, ashushiwe dozi polepole na daktari.

Na kama usikivu wa sikio moja umeshuka ghafla ndani ya siku tatu, hiyo ni dharura. Steroidi zinasaidia zikianzwa mapema. Baada ya wiki kadhaa nafasi inakuwa imepita.

Matone ya antibiotiki hayana kazi hapo. Kiwambo kizima, usaha hakuna, bakteria yuko wapi? Vilevile asishawishiwe kutia mafuta ya kitunguu saumu. Kule kujaa na kutetemeka mara nyingi ni msuli mdogo unaovuta kiwambo, tensa timpani, ambao kwa watu hawa unakaza kwa sauti ndogo, au hata kwa kuisubiri tu sauti. Ukikaza mara kwa mara maumivu yanasambaa mpaka kwenye taya. Mwambie aangalie kama anasaga meno usiku. Kitambaa cha uvuguvugu kwenye taya dakika 10 hadi 15, kuacha bigijii na miwa kwa muda, na meno ya juu na ya chini yasigusane anapokaa kimya.

Sasa vizibo. Aanze na usiku, ndipo vinapodhuru zaidi, maana ni saa nane za ukimya mtupu. Weka sauti ya nyuma isiyobadilika, feni ya mezani inatosha kwa kuanzia, na vizibo vitoke. Akishindwa kabisa, kitoke kimoja, kile cha upande usiouma, usiku tatu, kisha cha pili. Mchana avue ndani ya nyumba kwa muda wa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, feni ikiwa inazunguka. Kila baada ya siku tatu aongeze nusu saa kwa kila kipindi. Barabarani, sokoni, kwenye daladala, aache sponji atumie vizibo vyenye kichujio cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 15 hivi. Hivyo vinapunguza sauti kwa usawa, maneno yanasikika. Sponji hukata zaidi sauti nyembamba, ndiyo maana ukitoa sponji kijiko kinasikika kama adui mpya. Sponji ibaki kwa kelele za desibeli 85 kwenda juu tu.

Kitu cha mwisho: aombe kupimwa kiwango cha sauti anachoanza kukereka. Ni kipimo kilekile cha kibanda na hedifoni, ila sauti inapandishwa hatua kwa hatua mpaka aseme basi. Kwa kawaida watu husema basi kwenye desibeli 90 hadi 100. Yeye huenda akasema kwenye 60 au 70. Namba hiyo irudiwe baada ya miezi mitatu, ndiyo itakayowaambia kama mnakwenda mbele, maana hisia za siku kwa siku zinadanganya. Pia kuna hojaji ya Khalfa: maswali 14, kila moja alama 0 hadi 3, na jumla inayozidi 28 huhesabiwa kuwa tatizo zito.

---

ChumbaChaSauti

Feni ni sawa ya kuanzia lakini ina shida mbili: huwezi kuipandisha kwa hatua ndogo, na umeme ukikatika unampata mtu na ukimya wa ghafla, dakika mbili baadaye jenereta ya jirani. Bora mvumo uliorekodiwa, unaochezwa na simu yenye chaji.

Unatengenezwa bure kwenye kompyuta kwa programu ya Audacity. Fungua menyu ya Generate, kisha Noise, chagua Pink. Usichague White. Ile nyeupe ina nguvu nyingi kwenye sauti nyembamba, ndizo zinazomchoma. Amplitude weka 0.1 (yenyewe huja na 0.8), muda dakika 30, wimbo wa mono (chaneli moja). Halafu nenda Effect, tafuta Low-Pass Filter, Frequency 4000, Roll-off 12 dB. Hapo umekata makali ya juu. Kila baada ya wiki mbili tengeneza faili jipya lenye kikomo cha juu zaidi kwa 1000, mpaka ufike 8000 na zaidi. Ukimwacha kwenye 4000 daima, vijiko na sufuria hatavizoea, kwa sababu makali yake yako juu ya hapo.

Hifadhi kama WAV, si MP3. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni mwa faili, kwa hiyo likijirudia unasikia mkatiko, na mtu wa namna hii atakaa anausubiri huo mkatiko tu. Dakika 30 za mono kwa sampuli 44100 kwa sekunde ni kama MB 160. Ukishusha hadi 22050 ni nusu yake, na kwa sauti iliyokatwa kwenye 4000 hupotezi kitu.

Spika: ya simu yenyewe haitoi besi, mvumo unatoka mwembamba. Redio ndogo yenye tundu la waya, au spika za kompyuta za bei ya chini, ni bora. Spika za bluetooth ziogopeni. Nyingi zinapiga "piii" au zinaongea kwa sauti ya juu zinapowashwa na chaji ikikaribia kuisha, na hakuna mahali pa kuzima hiyo. Simu iwekwe hali ya ndege, vinginevyo ujumbe utaingia kupitia spika saa nane usiku. Hedifoni zisitumike mwanzoni.

Kiwango: anza volyumu sifuri, pandisha polepole mpaka anausikia bila kutafuta, na bado mtu akiongea naye kwa sauti ya kawaida anaelewana naye bila shida. Kwenye mto wa kulalia hiyo ni kama desibeli 40 hadi 45. Mwenye iPhone ana programu ya bure ya kupima sauti ya NIOSH (taasisi ya Marekani ya usalama kazini), inaaminika. Za Android zinapishana, unaweza kukosea desibeli 5 au zaidi, lakini ukitumia simu ileile, mahali palepale, tofauti ya wiki hii na ijayo utaiona. Chini ya 35 usiziamini zote, kipaza sauti cha simu kina mvumo wake.

Kupandisha: desibeli 1, zisizidi 2, kwa wiki. Vitufe vya simu haviwezi, kila kimoja kinaruka hatua kubwa. Njia mbili: ama kwenye Audacity tengeneza nakala kwa Amplify, +1 kila moja, uzipe majina ya wiki, ama usiguse volyumu kabisa, sogeza spika. Mahali pa wazi umbali ukipungua nusu sauti inapanda desibeli 6. Chumbani ni pungufu ya hapo kwa sababu ya kuta, lakini kutoka mita 3 hadi mita 2.5 ni hatua nzuri ya kuanzia.

Muda: wiki ya kwanza nusu saa mara tatu kwa siku, akiwa anafanya shughuli nyingine. Asikae kuusikiliza. Lengo ni kufika saa 6 hadi 8 kwa siku kufikia mwezi wa pili, usiku ukihesabiwa.

---

NesiPwani

Naungana na SikioLaKusi, lakini kuna sentensi moja ya muulizaji imepitwa haraka: maumivu yanakuja kesho yake.

Usikivu mkali si wa aina moja. Mapitio ya Tyler na wenzake ya mwaka 2014 yaliugawa mara nne: sauti kuonekana kubwa mno, sauti kukera, sauti kuogopesha, na sauti kuumiza. Mtu mmoja anaweza kuwa na mbili au tatu kwa pamoja, na shemeji anaonekana ana ya kwanza, ya tatu na ya nne. Mpango wa kupandisha desibeli 1 kwa wiki umejengwa juu ya aina ya kwanza. Kwenye aina ya maumivu, ukimsukuma kwa ratiba, anaporomoka na anapoteza imani na tiba yote. Hata ndani ya sikio jambo ni tofauti: mwaka 2015 watafiti wa Johns Hopkins walionyesha, kwa wanyama, kwamba kuna nyuzi za fahamu kwenye koklea, sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti, ambazo haziamshwi na sauti ya kawaida bali zinaamshwa seli za sikio zinapojeruhiwa. Huenda ndizo zinazopeleka maumivu.

Kwa hiyo kwake yeye kanuni ni ya kuchelewa. Hatua mpya leo, kisha siku tatu bila kuongeza kitu, huku anaandika namba ya maumivu jioni na asubuhi, 0 hadi 10. Isipopanda zaidi ya 1, endelea. Ikipanda 2 au zaidi, rudi hatua moja nyuma, si hatua zote, ukae hapo wiki. Msirudi kwenye vizibo vya kutwa. Watu wengi wanaharibu hapo: siku mbaya moja, wanafunga masikio wiki nzima, wanarudi chini kuliko walikoanzia.

Kuhusu woga, msiuone ni kumwita mwoga. Woga unakaza ule msuli na kuongeza maumivu ya kweli. Sweden walifanya jaribio la tiba ya mazungumzo na mazoezi ya hatua kwa hatua kwa wagonjwa 60, mwaka 2014, na hata kiwango cha sauti wanachovumilia kilipanda. Nyumbani linafanyika hivi. Aandike sauti kumi zinazomsumbua, azipe alama. Achague yenye alama 3, si 9. Kwa mfano mfuniko wa sufuria: kwanza auweke yeye mwenyewe, taratibu, juu ya kitambaa, mara kumi. Kisha juu ya meza ya mbao. Kisha mkewe auweke baada ya kuhesabu moja mbili tatu. Kisha bila kuhesabu ila akimwona. Mwisho akiwa amempa mgongo. Sauti ileile, desibeli zilezile, lakini ugumu unapanda kwa sababu udhibiti unapungua. Watoto washirikishwe kama mchezo, si kwa kukaripiwa wanyamaze, maana nyumba ikigeuka kaburi kwa ajili yake anakosa mazoezi na wao wanamchukia.

Mtandaoni atakutana na upasuaji wa kuimarisha madirisha ya sikio la ndani, ulioanzishwa Florida na Silverstein. Upo kweli, lakini matokeo yaliyochapishwa ni ya makundi madogo ya wagonjwa. Asiuze kiwanja.

---

SikioLaKusi

Dada NesiPwani yuko sahihi kuhusu kuchelewa, nabadilisha ratiba yangu: pale nilipoandika nusu saa kila siku tatu, kwake iwe dakika 15 kila siku nne au tano, mpaka maumivu yatulie chini ya 3. Usiku bado nashikilia vizibo vitoke kwanza.

---

ShemejiFundi

Shukrani sana wakuu, nimechapisha kila kitu. Yamebaki mawili. Karakana: kazi ndiyo hiyo, hana nyingine. Na nyumba ni ya bati bila dari, mvua ikinyesha anajifungia chooni. Halafu mita 60 kuna baa.

---

KaziSalama (Mombasa)

Karakana kwanza. Grainda kwenye chuma inatoa kama desibeli 95 hadi 105 sikioni mwa anayeishika. Kwa kipimo cha NIOSH, 85 inaruhusiwa saa 8, na kila ikipanda 3 muda unapungua nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, 100 dakika 15. Fundi anayekata vyuma saa nzima kwa desibeli 100 bila kinga amemaliza haki yake ya siku mara nne. Kwa hiyo asirudi kwenye grainda sasa, hata akiwa na vizibo. Arudi kwa kazi za kupima, kuchora, kupaka rangi, kupokea wateja, mbali na mashine, kwa saa mbili tatu. Kuchomelea kwenyewe ni kelele ya chini kuliko kukata na kusugua, hiyo inaweza kufuata baadaye. Kugonga slegi (gamba linalobaki juu ya weldi) kwa nyundo ni mbaya kuliko wengi wanavyodhani: mlio ni wa muda mfupi lakini kilele chake kiko juu sana, na mita za simu hazikionyeshi.

Akifika wakati wa kurudi, kinga iwe ya namna hii. Kwenye paketi ya sponji imeandikwa NRR (kiwango cha kupunguza kelele) 33 na watu wanaamini wanakata 33. Hiyo ni ya maabara. Kwa matumizi ya kawaida hesabu nusu, yaani kama 16, na ukiviweka vibaya hupati hata 10. Namna ya kuweka: mikono safi, kivingirishe mpaka kiwe chembamba bila mkunjo, mkono wa upande wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, sukuma, kisha kishikilie kwa kidole sekunde 30. Usipokishikilia kinafumuka kabla ya kuingia na kurudi nje. Kujaribu: ziba masikio kwa viganja juu yake. Sauti ikipungua sana, havijakaa. Sauti yako mwenyewe ikivuma kichwani, mara nyingi havijaingia vya kutosha. Watu hudhani kinyume. Vikiwa vigumu au vyeusi, tupa.

Juu ya vizibo avae na vile vifunika masikio vya kiwandani. Havijumlishwi: 16 na 20 haviwi 36, unapata kama 5 tu juu ya kilicho bora, kwa sababu sauti nyingine inapita kwenye mfupa. Lakini hiyo 5 ni kubwa. Na miwani ya kinga yenye mikono minene inainua mto wa kifunika na kuvujisha sauti, atafute yenye mikono myembamba au ya mkanda. Akitoka eneo la kelele avue papo hapo. Kosa la karakana ni kuvaa wakati wa kunywa chai na kuvua wakati wa kukata "kidogo tu".

Unaweza pia kupunguza kelele yenyewe. Diski iliyochakaa au isiyokaa sawa inapiga kelele zaidi. Chuma cha bomba au shiti kilichoning'inia kinalia; kibane kwa klampu karibu na unapokata, na chini weka kipande cha tairi. Tofauti unaisikia mara moja.

Nyumba. Mvua kwenye bati tupu inafanya watu wapige kelele kusikizana, si ajabu anakimbia. Dari ya jipsamu au ya plaiwudi yenye nafasi juu inasaidia, na ukilaza sufi ya kioo juu yake inasaidia zaidi. Pesa ikiwa ndogo, ifanyike chumba kimoja cha kulala, si nyumba yote. Mianya ya pembeni izibwe, sauti inapita hapo kuliko kwenye ubao. Wakati wa mvua avae kizibo chenye kichujio, avue mvua ikiisha. Chooni kwa kawaida kuna kuta tupu na sakafu ya simenti, sauti inarudi mara mbili. Chumba chenye godoro na nguo kimetulia zaidi.

Jikoni na sebuleni punguzeni milio ya kugonga tu. Kata ndala kuukuu vipande, gundisha chini ya miguu ya viti na meza. Kitambaa kwenye sinia la kukaushia vyombo. Mwiko badala ya kijiko cha chuma. Mkeka au zulia kwenye vigae. Redio, mazungumzo, watoto, viacheni.

Baa. Huku Kenya kanuni za kelele za 2009 zinaweka desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya makazi, na usiku unahesabiwa kuanzia saa mbili. Kwenu Tanzania zipo kanuni za 2015 chini ya NEMC, baraza la taifa la mazingira. Anza na mwenye baa: mara nyingi spika imeelekezwa barabarani, ukiigeuza ndani na kuinua kutoka sakafuni majirani wanapata nafuu bila wateja kupungukiwa. Ukishindwa, andika tarehe, saa, na usomaji wa mita ukiwa kwenye dirisha lako, kwa usiku kadhaa, upeleke serikali ya mtaa kwanza ukiwa na majirani wengine. Malalamiko ya mtu mmoja mwenye ugonjwa yanaitwa ugonjwa wake.

---

SikioLaKusi

Nyongeza ya hospitali, kwa sababu vipimo vyenyewe vinaweza kumrudisha nyuma. Muhimbili, KCMC na Bugando wana idara za masikio. Akifika, aseme kabla ya chochote kwamba sauti zinamuumiza, na mambo matatu yaandikwe kwenye faili.

Kipimo cha mrejesho wa msuli wa sikio hupiga sauti zinazoweza kufika 100 na zaidi. Aombe kisifanyike, au kisimamishwe mapema. Kile cha kuangalia mwendo wa kiwambo kwa shinikizo hakina shida hiyo, ila mashine nyingine hufanya vyote viwili kwa kitufe kimoja, mpimaji azime cha pili.

Uchafu wa sikio ukijaa, usitolewe kwa mashine ya kufyonza, inapiga kelele ndani kabisa ya mfereji. Itumike kijiko kidogo cha daktari baada ya kulainisha kwa mafuta ya zeituni siku chache. Na baada ya kutolewa sauti zitaonekana kali kwa siku kadhaa, kwa kuwa kizibo cha asili kimetoka. Hiyo si kuharibikiwa.

MRI (mashine ya picha yenye kelele kubwa) ikiagizwa, aulize kama CT inatosha kwa swali la daktari. Kama lazima ni MRI, avae sponji na vifunika kwa pamoja, vifunika viwe vya chumba hicho kwa sababu ya sumaku, na fundi amwonye kabla ya kila mzunguko. Kwa daktari wa meno, sauti ya mashine ya kutoboa husafiri kwenye mfupa bila kujali vizibo, kwa hiyo aombe itumike sekunde tano tano na mapumziko katikati. Wengi wanakubali wakiambiwa kabla ya sindano ya ganzi, si mdomo ukiwa wazi.